Gazeti Lililobaki Bila Chama

Jumatatu, 3 Machi
Chama chetu cha wafanyakazi kimevunjwa. Mzee Wachira, mwenyekiti, amerudi Nyeri kulima viazi. Gazeti la chama hakusema anamwachia nani. Basi halina mwenyewe! Nimesoma habari za Wacheki: ukomunisti ulipoanguka kwao, waandishi wa gazeti la chama walilichukua, wakaondoa "nyekundu" kwenye jina, na wasomaji hawakuondoka. Mimi Otiende, mhariri, nimepungukiwa nini?

Jumanne, 4 Machi
*Haki Nyekundu* sasa ni *Haki* tu. Nimefuta neno la pili mlangoni kwa rangi nyeupe. Bado linachungulia. Kezia, anayepanga kurasa na kuandika nusu ya gazeti, ameuliza kama na moyo nimeupaka rangi. Ana ulimi huyu mama.

Jumatano, 5 Machi
Wazo kubwa. Nimeng'oa habari ya Kezia kuhusu kodi za nyumba kupandishwa hapa Umoja. Mahali pake nimeweka picha ya landilodi mwenyewe, Bwana Maingi, akitabasamu. Ameahidi matangazo ya mwaka mzima. Kezia kaikunja habari yake kaitia mkobani. Nimeshinda.

Alhamisi, 6 Machi
Irungu, mchuuzi wetu, amerudi kutoka Kiamaiko na mzigo wote. Wauza mbuzi walitazama ukurasa wa kwanza wakamrudishia. "Mkubwa, hata kufungia matumbo wamekataa." Wengi ni wapangaji wa Maingi, nilisahau. Imeniuma, sifichi.

Mchana Kezia akadai kikao. Gazeti halina mwenyewe, kwa hiyo wanaolifanyia kazi wamchague mhariri. Akanisomea tahariri yangu mwenyewe ya Mei Mosi: mali ni ya anayeitolea jasho. Niliandika vizuri, kusema kweli. Nimekubali kwa sharti moja: mlolongo. Kura ya siri ni ya waoga. Nani atathubutu kupanga foleni nyuma ya Kezia nami nipo?

Ijumaa, 7 Machi
Tumepiga kura. Mimi na Kezia tulisimama mbele, nyuso ukutani, watu wakajipanga nyuma yetu. Nilisikia nyayo nyingi. Nikaanza kutunga hotuba ya unyenyekevu. Nikageuka. Wachuuzi wote, fundi wa mashine, hata mlinzi, wako nyuma ya Kezia. Nyuma yangu Mukami wa chai peke yake. Nusura nimkumbatie. Akaniomba radhi, akasema anangoja nisogee achukue chupa yake ya chai kwenye rafu.

Jumamosi, 8 Machi
Habari ya kodi imerudi ukurasa wa kwanza. Irungu amemaliza magazeti kabla jua halijawa kali. Mimi nimepewa ukurasa wa barua za wasomaji, na nyingi zinashukuru kwamba nimeondolewa. Nimeona haya, halafu nimefikiri, na kosa nimelipata. Nilikuwa natazama ukuta! Mtu hawezi kuogopa kisogo. Jumatatu nadai marudio. Mlolongo uleule, ila safari hii nitasimama nikiwatazama.