Kandambili ya Kushoto

Jumatatu, 4 Machi

Shajara yangu, niwie radhi. Wiki tano sijakufungua. Sikuwa mgonjwa wala safarini. Nilikuwa nashtakiwa. Kosa: kughushi barua ya halmashauri pamoja na muhuri wake. Mimi, niliyekuwa karani mkuu wa masjala kwa miaka thelathini na mmoja!

Chanzo ni kinyozi wa jirani. Aligeuza spika yake ikaelekea dirisha langu. Nilimwonya mara tatu kwa maandishi. Hakujibu hata moja. Hatimaye akakuta barua ya halmashauri chini ya mlango, ikimwamuru afunge kibanda ndani ya siku saba. Mtu mwenye adabu angefunga. Yeye akaenda halmashauri kuomba aongezewe siku! Huko hapakuwa na aliyeijua barua hiyo.

Kesi inasikilizwa Ijumaa. Nikitiwa hatiani, miaka mitatu gerezani. Mke wangu anasema nimwite mpwa wangu, binti wa dada, ambaye ni wakili. Nimekataa. Yule nilimfundisha mwenyewe kufunga kamba za viatu. Siwezi kutetewa na mtu niliyempangusa kamasi.

Jumanne, 5 Machi

Wakili wa kwanza. Ofisi juu ya duka la magodoro. Vitabu vinene ukuta mzima. Niligusa kimoja, kurasa zimeshikana tangu kiwandani. Nikampa maelezo yangu, kurasa kumi na nne, pamoja na jedwali la nyakati za kelele. Akasema nimweleze kwa ufupi. Kwa ufupi! Kisha akanipa mkataba nitie sahihi. Nikatoa kalamu nyekundu nikausahihisha kwanza. Makosa tisa katika ukurasa mmoja. Aliutazama, akanitazama, akasema kwa upole kwamba mwezi huu amezidiwa na wateja. Katika chumba cha kusubiria alikuwamo paka tu.

Jumatano, 6 Machi

Nje ya lango la mahakama hukaa bwana mmoja mwenye tai, wamempachika jina la Mzee wa Rufaa. Alinishika mkono kana kwamba tulisoma pamoja. Ati mahakimu wote anawajua, na kesi yangu ni rahisi kama kunywa maji. Nikaomba kuona cheti chake cha uwakili. Akakitoa mfukoni, kimekunjwa mara nne.

Muhuri wa bandia! Niliujua kabla sijavaa miwani. Ukingo umepinda kama yai, herufi zimechongwa kwa kisu butu. Nimekasirika mpaka sasa. Mtu hana haya, anadanganya umma kwa kazi mbovu namna ile. Nilimweleza kwamba kazi ya aina hiyo inataka wembe mpya na subira. Akaniuliza kama napokea oda. Nikaondoka.

Alhamisi, 7 Machi

Mpwa amekuja. Mke wangu alimpigia simu bila idhini yangu. Alikaa kwenye kiti changu, akasoma hati ya mashtaka mara mbili, kimya. Sikutegemea utulivu ule. Akaeleza kwamba upande wa mashtaka una barua tu. Muhuri wenyewe hawajaupata, na kinyozi hakumwona aliyeleta barua. Wananishuku kwa sababu ya yale maonyo yangu matatu, basi. Alisema kesi ya namna hiyo huanguka yenyewe, mradi mtu asiiinue.

Kisha akatazama miguu yangu. Kandambili ya kushoto ina tundu kisiginoni, la mviringo kamili, kama lililopimwa kwa bikari. Sikuitupa kwa kuwa bado inavalika. Hakuna mpira unaochongeka vizuri kama soli ya kandambili, ila watu hawajishughulishi kujifunza.

Alilitazama tundu lile kwa muda mrefu. Mke wangu akaanza kukohoa.

“Mjomba,” akasema, “kesho utavaa viatu. Na utanyamaza. Nitasema mimi. Wewe hata kuguna, hapana.”

Nikaahidi. Akanitaka niahidi tena, safari hii mbele ya mke wangu. Dharau tupu.

Ijumaa, 8 Machi

Nilivaa viatu. Kamba nilifunga mwenyewe.

Kinyozi akatoa ushahidi. Mpwa akamuuliza kama alimwona mtu mlangoni. Hakumwona. Akamuuliza ni wangapi mtaani wanaoichukia spika yake. Akahesabu kwa vidole, vikamwishia. Hakimu akatabasamu. Nilianza kuuona mlango wa nyumbani kwangu.

Kisha akapanda kizimbani karani wa halmashauri, shati limechomekewa upande mmoja. Akainua barua juu, akasema waligundua mara moja kuwa ni ya bandia, kwani muhuri ule ni kazi ya kitoto.

Nilisikia kisigino cha mpwa juu ya vidole vyangu. Nilisimama hata hivyo.

“Mheshimiwa, muhuri wa halmashauri ndio mbovu. Nyota yao imekatika pembe moja. Mimi nilichonga zote tano, kwa wembe, saa sita mfululizo.”

Hakimu akaniomba nirudie polepole apate kuandika. Nikarudia. Nilimsomea kama imla, pamoja na vituo vyote. Mpwa akaweka kalamu chini. Kinyozi akainamisha kichwa, nadhani kwa huruma. Sina haja na huruma ya mtu anayenyoa watu visogo vya mshazari.

Jumamosi, 9 Machi

Hukumu ni baada ya wiki mbili. Mpwa hakufoka. Afadhali angefoka. Amesema kilichobaki ni kuiomba mahakama huruma, na hawezi kuiomba mikono mitupu. Anataka barua ya mwajiri wangu wa zamani, ithibitishe uaminifu wangu, iwe na muhuri wa ofisi. Anaitaka Jumatatu asubuhi.

“Barua ya kweli, Mjomba,” akasema.

Nimempigia simu mkuu wa sasa wa masjala. Yuko likizo, atarudi Alhamisi. Alhamisi! Ndivyo ofisi zinavyoendeshwa siku hizi. Tena barua yenyewe angeiandika vibaya. Wakuu watatu waliomtangulia niliwaandikia mimi barua zao zote, wao wakatia sahihi tu. Na nani aujuaye uaminifu wangu kunishinda mimi?

Hakimu akishaamua, nitakufungua tena, shajara, nikueleze. Kwa sasa mikono ina shughuli. Wembe ni mpya, na kandambili ya kulia bado nzima.