Kimbieni, Nimefika

Jumatatu, 4 Agosti 2008

Albamu yangu ya pili imefika kutoka kiwandani mjini Solo! Inaitwa Kimbieni, Nimefika. Maboksi yamejaa chumba cha mpunga mpaka darini. Kwenye jalada ni mimi, miwani ya jua, mikono kifuani, na pikipiki ya watu nyuma yangu. Nimetoka vizuri mno. Albamu ya kwanza, nakiri, ilinunuliwa na Mama, na shangazi mmoja aliyedhani ni kaswida. Tatizo lilikuwa jina. Safari hii jina lina nguvu.

Baba hakusikiliza hata wimbo mmoja. Alisimama mlangoni, akauliza mavuno yakija mpunga wake utalala wapi. Kisha akatoa hukumu: sikukuu ya Uhuru, tarehe 17, ikipita na maboksi bado yamo, naenda mjini Bekasi kwa baba mkubwa kuziba pancha. Pancha! Mimi, rapa MC Petir!

Jirani yetu Sigit, mwimbaji wa dangdut, ule muziki wa kucheza harusini, alisikia yote dirishani. Naye ametoa CD. Eti nikishazoea gundi nimkumbuke, matairi yake mabovu.

Jumatano, 6 Agosti

Mpango: redio. Nilipiga simu kuomba wimbo wangu kwa sauti ya mzee, kisha ya askari, kisha ya binti wa sekondari. Kwa binti, mtangazaji akanitambua, akasema hewani, "Mas Danang, kaka yangu, hiyo vocha haiishi tu?" Wilaya nzima ilisikia. Mama alicheka mpaka tempe ya soya ikaungua kikaangoni.

Hata hivyo, jina langu limetajwa redioni. Bure kabisa.

Ijumaa, 8 Agosti

Mpango mwingine: kutembeza CD nje ya msikiti baada ya sala. Kila mtu ghafla alikuwa na haraka. Baba alipita, akasema bila kugeuka, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Mbele za watu!

Lakini! Pak Wignyo, mwenye duka la mbolea, alichukua moja. Picha yangu hakuitazama. Aliigeuza CD upande wa nyuma, akaiinua juani, akakunja uso. Akauliza ikikaa nje itadumu? Nikamwambia sanaa ya kweli hudumu popote. Alifikiri kidogo, akasema basi nimpelekee maboksi mawili dukani. Huyu mzee ana sikio.

Jumapili, 10 Agosti

Wananunua! Kati ya magunia ya urea na sumu ya panya, albamu yangu inakwenda kama karanga. Wakulima! Wazee wenye matope miguuni! Pak Wignyo anaagiza maboksi mengine kila siku, anasema wengi wanataka mbili mbili. Moja ya mume na moja ya mke, bila shaka. Siku hizi ndoa hazina uvumilivu.

Majalada wanayaacha dukani. Watu wa kweli hawataki mapambo.

Mbah Pon, bibi wa kule mwisho wa mfereji, amechukua kumi na mbili. Mbah Pon ni kiziwi! Nilikaribia kulia. Nilimfuata kwake, nikamuuliza kwa kelele ni wimbo gani uliomgusa. Akajibu kwamba wali upo, niingie nile. Nikala.

Jumanne, 12 Agosti

Siku tamu. Sigit, kwa wivu, alipeleka CD zake kwa Pak Wignyo. Zake ni nyeusi upande wa nyuma, alitaka zionekane za kifahari. Asubuhi zilinunuliwa, alasiri zikarudishwa. Nilikuwepo, nimejibanza nyuma ya urea. Pak Wignyo alimwambia kwa upole mkubwa, "Samahani, Mas Sigit. Watu wanasema hung'ai."

Hung'ai! Nimeyasema haya miaka yote.

Alhamisi, 14 Agosti

Maboksi yamekwisha! Baba amekifagia chumba mwenyewe, kisha akaniuliza kama nimekula. Kwa Baba hiyo ni hotuba.

Nikavaa miwani, nikashika njia ya mashambani kuwasalimia wasikilizaji wangu.

Niliwaona kwa mbali. Yaani niliziona. Shamba zima linametameta. Kimbieni, Nimefika, mbili mbili, mgongo kwa mgongo, zimefungwa kwenye kamba kutoka mfereji mpaka barabarani. Shomoro wanakuja kundi zima, CD zinazunguka, zinawamulika machoni, wanatimua mbio. Hakuna redio. Hakuna hata spika moja.

Nilikaa kwenye tuta. Nimeumia, sitaficha. Ule ubeti wa wimbo wa tatu niliuandika nikiwa na homa.

Mbah Pon alikuwa kwenye kibanda chake cha kuamia ndege, anakoroma. Aliamka, akanishika mkono. Akasema kila mwaka mpunga ukianza kukomaa yeye huvuta kamba za makopo na kupiga mayowe tangu alfajiri, mpaka sauti inakauka. Mwaka huu analala mchana. "CD yako nzuri, Nang," akasema. "Sijawahi kununua kitu kinachofanya kazi hivi." Akanipa ndizi mbili.

Nimewaza njia nzima. Albamu inasemaje? Kimbieni. Je, hawakukimbia? Basi ujumbe umefika.

Jumapili, 17 Agosti

Uhuru! Mchana wanaume walicheza mpira wakiwa wamevaa magauni ya wake zao. Sigit hana mke, alidaka kwa gauni la maua la mama yake. Akafungwa matano.

Jioni Pak Wignyo, mwenyekiti wa kamati, akanipa nafasi ya kufunga jukwaa. Akanitangaza: kijana aliyeokoa mpunga wetu! Shangwe mpaka nikasahau mstari wa kwanza. Kufikia wimbo wa pili nusu ya viti vilikuwa vitupu, lakini ni kwa sababu muuza bakso, supu ya vidonge vya nyama, alikuwa amefika. Mbah Pon alibaki mstari wa mbele, anatabasamu, anapiga makofi hata kati ya beti. Baba alinong'ona kwamba huyo ndiye mwenye bahati kuliko sote. Lakini yeye mwenyewe hakuondoka.

Bekasi imefutwa. Nina furaha isiyo na kifani.

Jumatatu, 18 Agosti

Mavuno yanaanza kesho. Kijiji kizima kinafungua CD kwenye kamba. Ni wazi: kazi imekwisha, sasa wanazipeleka nyumbani kuzisikiliza kwa utulivu.

Kizuri chajiuza. Chuma hufuliwa kikiwa moto, kwa hiyo nimepiga simu Solo kuagiza albamu ya tatu, mara mbili ya ile. Wakulima wamezoea kununua, siwezi kuwaacha hivi hivi. Jina nimelipata alfajiri, la upole, la kuwaita watu wote: Rudini, Nawasubiri.

Maboksi yanafika Alhamisi. Mahali pa kuyaweka papo, Baba amekifagia kile chumba vizuri sana.