Mdudu wa Bomba Lililolala

Jumatatu, 4 Agosti 1997

Leo nimeamua. Bomba la maji la Ihembe nitalizibua mimi. Si kamati ya maji. Mimi, Karekezi.

Sababu iko wazi. Jumamosi ya tarehe kumi na sita binti yangu Mukabera anaolewa. Wakwe watatoka Ndama, kundi zima, na mshenga wao mwenye maneno mengi. Watanawa, watapikiwa, watakunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Ndizi bila maji hazitoi rubisi, zinatoa uji. Na maji hakuna! Tangu Julai bomba linalotoka chemchemi juu ya kilima linatoa tone, linapumzika, linatoa tone. Nami siku ya posa nilijisifu kwamba kwangu maji yanakuja yenyewe. Mshenga alitikisa kichwa kwa heshima. Kichwa kile kinaninyima raha.

Dawa ninayo. Kambi ya wakimbizi ilipofungwa nilikuwa mlinzi wa ghala la wazungu, wakaniachia boksi la magazeti. Moja lina picha za visima vya mafuta. Kumbe kisima cha mafuta kinashuka, halafu kinakata kona na kulala, kinakwenda mbali sana ubavuubavu ndani ya mwamba. Ukitumbukiza kifaa kinaanguka mpaka kwenye kona, basi, kinakaa. Penye ulalo hakuna kuanguka. Wakaunda roboti yenye magurudumu yanayobana kuta za bomba pande zote. Inajivuta yenyewe, inasugua uchafu, inarudi. Nimeyasoma hayo kwa kamusi tangu Pasaka.

Bomba letu nalo linashuka kilima, kisha linalala kwenye tambarare ya migomba, na hapo ndipo lilipoziba. Kisima kilicholala, bomba lililolala. Tofauti ni mafuta tu.

Mukabera ameniomba kitu kimoja. Amesema, Baba, mpaka harusi ipite usitengeneze kitu chochote. Nimemwahidi. Kuzibua si kutengeneza.

Jumatano, 6 Agosti

Amezaliwa! Nimemwita Mdudu. Mwili ni kopo la nyanya. Magurudumu nimeyakata kwenye kandambili zangu. Springi za kuyabana ukutani zimetoka kwenye kalamu. Mbele brashi ya kuoshea chupa. Mota imetoka kwenye radio kaseti ya mke wangu Placidia. Radio kwa nje bado nzima, nimeirudisha mahali pake na kitambaa chake juu.

Saa ya salamu Placidia akaiwasha. Kimya. Nikamwambia ni betri. Huo si uongo, betri nazo nimechukua.

Jioni alipita Byarugaba. Huyu ni kaka yake Placidia na mwenyekiti wa kamati ya maji. Mlokole: hanywi, havuti, hasahau. Amesema Jumatatu ataitisha msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Watu wachimbe pale kwenye tambarare, wakate bomba, watoe uchafu, waunge. Siku moja tu, shemeji, amesema. Majembe! Mwaka huu wa 1997! Nimemwambia asisumbue watu, nina njia. Amenitazama kama anayemwona mbuzi wa jirani kwenye maharage yake.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Watu wote wamekwenda Kayanga kwenye sherehe. Nimebaki peke yangu na chemba ya bomba, pale linapoanza kulala.

Nikamwingiza Mdudu. Mkiani nilimfunga kamba ya mgomba ili nimvute akimaliza. Kwetu kamba ya mgomba inafunga kuni, mbuzi, paa, hata mlango. Sikuona sababu ya kuidharau.

Akaenda! Niliweka sikio kwenye chuma nikamsikia akinguruma kuelekea kwenye migomba. Nilicheza pale chembani peke yangu. Hili nalo liandikwe.

Kisha kamba ikawa nyepesi. Nikavuta. Ukaja mkia, Mdudu hakuja. Imelowa, imesuguliwa na ukingo wa chuma, ikakatika. Mngurumo uliendelea kidogo, ukakohoa, ukakoma.

Nikakimbia kwenye tangi la kugawia maji. Asubuhi lilikuwa linapata tone. Sasa hata tone hakuna. Nimeziba bomba la kijiji kizima siku nane kabla ya harusi ya mwanangu.  Naogopa, na nasema hivyo kwa kuwa hapa hasomi mtu.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya ibada, mkutano wa kijiji. Akina mama wakali. Byarugaba akatangaza majembe kesho.

Wakichimba watamkuta Mdudu, na ndani ya Mdudu watakuta mota ya Placidia. Nikasimama. Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema kwa wazee wetu hairuhusiwi kuchimba shimo kwenye njia ya bibi harusi kabla hajatoka kwao. Shimo linaweza kumwita mtu. Desturi hiyo niliibuni palepale, nikiwa bado nanyanyuka. Lakini bibi wawili walitikisa vichwa wakasema ni kweli, hata wao waliisikia kwa mama zao. Mmoja akataja na bibi harusi aliyekufa.

Msaragambo umeahirishwa mpaka harusi ipite. Ushindi mkubwa!

Njiani kurudi, Placidia amenikumbusha kwamba sasa maji yote ya harusi yatatoka bondeni, kichwani mwake na mwa Mukabera. Hilo sikulifikiria.

Jumanne, 12 Agosti

Silali vizuri. Nikikaa nasimama, nikisimama natembea. Mukabera amepanda kutoka bondeni na ndoo, shingo imekakamaa. Bibi harusi! Nikajificha nyuma ya kibanda cha kahawa.

Nimerudi kwenye gazeti. Kumbe hata wenyewe vifaa vyao hunasa! Wakipoteza kifaa kisimani wanatuma kingine chenye taya kikakivue. Jambo la kawaida kabisa. Nimefarijika sana.

Nikaenda Bugene dukani kwa Mzee Saleh, ambaye kwao ni Pangani, na adabu zake bado ni za Pangani. Nikamwamkia shikamoo. Dukani ana gari la kuchezea la betri. Nikalibadili na jogoo. Mzee Saleh akauliza kwa upole kama Mukabera amekwisha kupata mtoto hata kabla ya ndoa. Nikasema gari ni langu. Akasema Mwenyezi Mungu akuzidishie, akampokea jogoo. Jogoo alikuwa wa kuchinjiwa mshenga, lakini mshenga hajamwona, hawezi kumkumbuka.

Mbele ya gari nikafunga mtego wa panya. Safari hii kamba ya katani. Likaingia, likaenda, nikasikia paaa! Limekamata! Nikavuta. Halikuja. Nikavuta kwa miguu yote miwili ukutani. Halikuja. Limekamata mzizi, na mzizi umelikamata lenyewe.

Nimeikata kamba. Sasa wako wawili.

Alhamisi, 14 Agosti

Jana vijana wa jirani walikanyaga ndizi kwenye mtumbwi wa pombe, kwa miguu na nyasi, kama inavyopaswa. Maji ya bondeni yakachanganywa, mtama uliokaangwa ukamwagwa, mtumbwi ukafunikwa kwa majani ya mgomba. Rubisi ya Mukabera. Placidia amekesha nayo kama na mgonjwa.

Leo asubuhi alijaza kibuyu kimoja cha kuonja, mimi kwa usafi nikakiziba barabara. Saa nne kizibo kikaruka, kikampiga paka. Placidia akafoka kwamba hata mtoto wa hapa anajua rubisi changa haizibwi, ina nguvu.

Ina nguvu!

Nilisimama na kibuyu mkononi. Kizibo kile, paka yule. Gazeti linasema wenzetu hutumia shinikizo kusukuma kilichonasa. Na shinikizo ninalo, limelala nyuma ya nyumba yangu.

Placidia na Mukabera wakaenda kwa shangazi kujaribu nguo. Nikachota. Nilikusudia nusu. Madumu mawili kwenye baiskeli, mpaka chembani, namimina, narudi. Nilipotimiza nusu bomba lilikuwa bado linameza. Sikujua bomba linakunywa kiasi kile. Kuliacha na njaa katikati kungekuwa kuharibu ile nusu ya kwanza. Nikamalizia.

Katika safari moja nilikutana na Byarugaba. Akauliza kuna nini kwenye dumu. Nikasema ni kitu cha kusukuma maji. Akasema Bwana asifiwe. Nikasema amina.

Mdomo wa bomba nimeupiga gogo, juu ya gogo mawe. Mtumbwini nimerudisha majani vizuri kabisa.

Ijumaa, 15 Agosti

Watu walikuwa wanatoka misa ya Kupalizwa. Mimi nilikuwa kando ya tangi, pekupeku, kandambili zikiwa zimeshakuwa magurudumu. Nasubiri. Sikuweza kula.

Ardhi ikanguruma. Migomba ikatikisika, na kitu kikapiga tangi kwa ndani mpaka likalia. Mabomba yote ya tangi yakatema povu.

Wa kwanza kufika alikuwa Byarugaba. Povu likamrukia usoni. Akalamba midomo. Akasema haya maji yana kasoro. Akaonja mara ya pili ili awe na hakika. Mara ya tatu akaonja kwa niaba ya kamati. Akina mama hawakuhitaji kamati. Ndoo, sufuria, vibuyu, vikatokea sijui wapi. Mzee mmoja alikinga kwa kofia ya misa. Halikuachwa tone.

Nyuma ya rubisi yakaja matope, yakaja mizizi, halafu maji. Mengi! Safi! Nilipiga kelele, mimi mtu mzima. Bomba limezibuka!

Ndipo Byarugaba alipofunua mfuniko wa tangi. Akamtoa Mdudu. Akatoa gari, mtego umeng'ata mzizi. Placidia akaitambua mota yake.  Akatembea mpaka nyumbani, nami nyuma, akafunua majani ya mtumbwi. Nyasi tupu. Akayarudisha majani, moja moja. Ningependa afoke.

Mukabera aliketi kizingitini akalia. Akaniuliza, Baba, kesho utawapa nini? Kwao Ndama watasema nimetoka kwenye nyumba kavu.  Nimeona aibu mpaka masikioni.

Jumamosi, 16 Agosti

Wakwe wamekuja. Maji ya kunawa tele, maji ya kupikia tele. Mshenga akanawa mara mbili. Kisha wakaketi, wakatazama upande wa rubisi.

Kwa desturi baba wa binti hunywa kwanza, wageni waone haina ubaya. Nikaketi na kibuyu mapajani. Kitupu. Mukabera alikuwa nyuma ya pazia, nilimwona miguu. Nilitamani bomba linimeze.

Ndipo majirani walipoingia. Mama huyu na kibuyu, mama yule na kibuyu, midomo imezibwa kwa majani mabichi. Wakaviweka mbele yangu mmoja mmoja. Mbele yao Byarugaba, amebeba cha mkewe kwa mkono ulionyooka, mbali na nguo.

Nikanywa kwanza. Ilikuwa rubisi, ndiyo. Ilikuwa pia chuma. Na kwa mbali, ukitulia, kandambili. Ilikuwa ileile! Nikainua macho. Majirani wote walikuwa wananitazama, nyuso zimekauka kabisa.

Nikampa mshenga. Akanywa, akafumba macho, akanywa tena. Akasema tangu azaliwe hajaonja rubisi yenye nguvu hii, akauliza mnaifanyaje. Byarugaba akajibu kwamba baba wa bibi harusi ni fundi, pombe yake haiishii mtumbwini kama ya watu wengine. Nyuma ya pazia nikamsikia Mukabera akicheka. Juma zima sikuwa nimemsikia akicheka.

Wakati wa kuondoka alinishika mikono yote miwili, akasema asante, Baba. Sikuuliza kwa lipi. Gari lilipopinda kwenye mibuni nililia, na sikumgeuzia mtu mgongo.

Jumapili, 17 Agosti

Nyumba kimya. Maji yanatoka kwa kishindo. Majirani wanapita na ndoo, wananisalimu huku wameziba midomo wasicheke. Placidia amenisamehe nusu. Amesema nikae tu, nisiguse kitu.

Nimekaa tangu asubuhi. Nimefikiri. Rubisi haikuwa kosa. Mtego haukuwa kosa. Kosa lilikuwa kungoja mpaka bomba lizibe! Gazeti linasema kisima kizuri huhudumiwa kikiwa kizima. Bomba la Ihembe sasa ni zima kabisa. Hakuna wakati bora kuliko huu.

Kuna jambo dogo. Cherehani mpya ya Mukabera, zawadi ya mjomba wake Byarugaba, haikuenea kwenye gari la wakwe. Wataifuata Jumanne. Byarugaba alinikabidhi mbele ya watu, akasema, shemeji, hii ichunge. Naichunga. Nimeketi nayo chumbani, mlango nimeufunga kwa usalama wake. Ina gurudumu dogo safi sana. Ina chuma kinachopanda na kushuka, kinafaa kusugua.

Nimefungua skrubu mbili tu, kuona ndani.

Placidia anaita chakula. Nimemjibu nakuja.

Skrubu sasa ni sita.