Mchezo wa Viti Umenipatia Dada

Leo nimeaibika mbele ya vijana wote wa usharika, na mchezo wenyewe niliuleta mimi. Niko Hamugembe, nimejifungia chumbani, mvua inapiga bati. Sijala. Msinipigie, someni tu.

Hamumjui Kemilembe, ukiacha Elisha mpiga kinanda wetu (yumo humu kwenye kundi, anajifanya hasomi). Kemi ni dada mmoja (neno hilo "dada" litaniua, subirini) kutoka Rubya kule Muleba. Amekuja mjini kufundisha watoto wa chekechea, akajiunga na kwaya yetu. Mpole. Akicheka anaziba mdomo kwa kitabu cha nyimbo. Tangu aje, sauti ya nne imenitoka, naimba chochote kinachokuja.

Shida yangu ni kwamba nikimkaribia, ulimi unakufa. Nimewahi kumwambia "habari za asubuhi" jua linazama! Nikamweleza mama. Mama akauliza swali moja tu: "Wa ukoo gani?" Nikamjibu, mama, siku hizi nani anaanza na ukoo? Mambo ya kizamani hayo. (Mama, kama kuna mtu amekusomea hii, nisamehe.)

Basi nikaenda kwa Ma Koku, mlezi wa vijana. Nikamwambia wageni wanakaa pembeni peke yao, tufanye mchezo wa kufahamiana. Akanisifu! Eti nina moyo wa huduma. Huduma wapi, nilikuwa na shati jipya.

Mchezo ni hivi: mnakaa duara, viti vinapungua kimoja. Aliyekosa kiti anasimama katikati, anasema jambo la kweli kuhusu yeye. Wote walio kama yeye wanainuka na kugombania viti. "Waliowahi kuanguka na bodaboda!" Wakainuka karibu wote. Ukumbi ulichangamka, hata wale wageni wanyonge walikuwa wanasukumana.

Nikajichelewesha makusudi, nikakosa kiti. Nikasimama katikati, kifua mbele.

"Wasiokula senene!"

Bukoba hii, nani hali senene? Msimu ukifika watu wanawakimbiza panzi hao mpaka chini ya taa za barabarani. Nilijua hatainuka mtu, nibaki pale nijieleze, Kemi anitazame vizuri.

Kemi akainuka. Peke yake!

Jamani, nilisema Mungu amejibu. Watu wakapiga vigelegele. Elisha akaanza kupiga wimbo wa maharusi kwenye kinanda. Na ulimi wangu, kwa mara ya kwanza, ukafanya kazi: "Na wewe huli? Basi sisi tutaelewana sana!"

Ma Koku hakucheka. "Huli kwa nini, mwanangu?"

"Ni muziro wa kwetu, Ma," Kemi akajibu. "Ukoo wetu umekatazwa senene tangu mababu."

Na mimi siwali kwa sababu hiyo hiyo.

Nikajitetea haraka. "Ma, koo mbili zinaweza kuwa na muziro mmoja!"

"Haya, taja ukoo wako."

Nikataja, kwa sauti ya mgonjwa. Kemi akaruka. "Na mimi! Ndio wetu huo huo!"

Kinanda kikanyamaza katikati ya wimbo.

"Hawa ni ndugu!" Ma Koku akatangaza, na hapo ukumbi ukalipuka. Nyie mnajua, kwetu wa ukoo mmoja ni kaka na dada, habari ya kuoana imekwisha hata kabla haijaanza. Kuna mtu alicheka akaanguka na kiti. "Kumbatianeni," akasema Ma Koku, "mchezo umefanya kazi yake."

Kemi akanikumbatia kwa nguvu, akalia. Akasema tangu aje mjini analala na upweke, kumbe ana kaka. Na mimi nikalia. Watu wakadhani tunalilia jambo moja. Iliniuma sana, kwa sababu alikuwa anafurahi kweli, na sikuweza hata kumnunia.

Nikamsindikiza mpaka kwenye bodaboda, tumejifunika kanga yake. Akasita.

"Kaka, nikuulize kitu, usinicheke. Yule wa kinanda ana mtu?"

"Hana," nikasema. (Kwa nini sikudanganya? Kwa nini?)

"Basi niulizie kwanza yeye ni wa ukoo gani. Leo nimejifunza."

Akapanda, akanipungia mkono. Shati jipya limelowa mpaka kola.

Kwa hiyo wengine chekeni kimyakimya, nina msiba. Elisha, acha kujificha, nimetumwa na dada yangu: wewe ni wa ukoo gani? (Sema wa kwetu. Nakuomba.)