Mshenga wa Dirisha la Waridi

Jumamosi, 9 Agosti

Wala sikujigamba, kama anavyodai wifi Nadira. Nilisema ukweli. Niliusema mapema tu, kabla haujatokea.

Ilikuwa jana, harusini kwangu. (Harusi yangu! Mimi, Laila, mke wa Abdulfatah!) Mama mkwe aliuliza ni nani atakayekaa kwenye kompyuta ya duka lao la leso pale mjini. Nadira, mwenye digrii ya kompyuta na ofisi Upper Hill, akasema anamjua msichana hodari, anaitwa Stacy. Stacy! Akae kaunta kutwa nzima, ubavuni mwa Abdulfatah wangu! Nikasimama na hina yangu mbichi, nikatangaza kwamba programu ya duka ninayo tayari: dirisha zuri, vitufe vya kubonyeza, waridi pembeni.

Mama mkwe akasema vyema, akanikabidhi kompyuta ya duka. Ijumaa fungate ikiisha atakuja kula pilau na kuiona. Ikifanya kazi, kiti ni changu. Isipofanya, ni cha Stacy.

Siku saba. Tele!

Jumapili, 10 Agosti

Abdulfatah amenikaangia mayai. Yameungua. Sijawahi kula kitu kitamu hivyo.

Programu ipo kweli. Nimeiandika kwa Lua, lugha niliyojifundisha kwenye simu baada ya kidato cha nne. Lua kwa Kireno ni mwezi, na Laila ni usiku. Mimi ningechagua nini tena? Unaiandikia jina la leso, yaani ule msemo wake, inakwambia iko rafu gani. Tatizo ni kwamba inafanya kazi kwenye kioo cheusi, maandishi meupe, basi. Nadira aliwahi kuiona akasema hiyo si programu, ni kaburi. Dirisha na vitufe huchorwa na mfumo mwingine, na mfumo huo hauelewi hata neno moja la Lua. Lazima apatikane wa katikati, apeleke maneno ya huyu kwa yule na kurudisha majibu. Wataalamu wana jina lake. Mimi namwita mshenga.

Nimetafuta mshenga mtandaoni asubuhi yote. Wa kwanza, ukurasa wake haufunguki. Wa pili, maelezo yake ni sentensi moja: jisomee mwenyewe. Wa tatu ana picha za madirisha mazuri mno, ila hajaguswa kwa miaka tisa. Nikasema mtu mzima hudharauliwa na wajinga. Nikamchukua huyo.

Akagoma. Mistari arobaini ya makosa! Abdulfatah akachungulia begani kwangu, akasema, mashallah, habibti, umeandika mengi.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimegundua kosa langu. Mshenga haendewi kienyeji. Nimemwandikia mwenyewe aliyemtengeneza, bwana mmoja wa ng'ambo. Aya sita. Salamu, hali ya watoto, hali ya hewa, pole na kazi, sifa za madirisha yake, habari za harusi yangu, na mwisho kabisa, kwa adabu, shida yangu.

Jibu limekuja jioni. "Toleo gani?"

Basi! Hata salamu hakurudisha! Nimemjibu kwamba ni jipya kabisa, mume wangu hanunui vitu vikuukuu. Kimya tangu hapo. Kuna watu hawakulelewa.

Jumanne, 12 Agosti

Bibi harusi wa fungate hatoki nje. Lakini bwana harusi akishiba biriani ya mama yake hulala kama gunia. Saa nane nilikuwa ndani ya buibui na nikabu, kompyuta ya duka kifuani, boda boda kutoka nyumbani Kileleshwa hadi mjini kwa Musembi, fundi ambaye Abdulfatah husema hashindwi na kitu.

Musembi aliangalia kidogo tu. "Madam, huyu mshenga wako aliandikiwa ule mfumo wa zamani. Hii laptop iko na ile mpya. Hawa hawawezi ongea."

Nikamuuliza kama hawezi kuwasihi. Akanitazama.

"Tumia lugha ingine, madam. Ama uache tu hivyo. Si inafanya?"

Nibadilishe lugha! Angeniambia pia nibadilishe mume. Nikatoka kwa hasira. Na pale kwenye kona, ana kwa ana: mama mkwe, na furushi la leso kichwani mwa mchukuzi nyuma yake. Sikuyumba. Nimefunikwa, macho tu ndiyo yanaonekana, atanijuaje? Nikapita kichwa juu.

"Laila," akasema bila kusimama, "biriani inapoa."

Ni hii mikono! Hina na piko hadi kwenye viwiko, maua matupu, imeikumbatia kompyuta ya duka lake mwenyewe. Nikajifanya sikusikia.

Jumatano, 13 Agosti

Abdulfatah aliniuliza jana nilikwenda wapi. Nikasema kupunga hewa. Akasema siku nyingine nimwamshe anishike mkono. Nimelia dakika kumi. Mume gani huyu!

Nadira ametuma picha ya Stacy akitabasamu, kucha zake ndefu juu ya kompyuta. Chini yake ameandika kwamba Stacy anauliza duka hufunguliwa saa ngapi.

Mshenga wa nne ameingia! Amechora dirisha! La kijivu, tupu, dogo kama kiberiti. Likakaa kwa hesabu ya moja, mbili, tatu, likafa. Nimejaribu mara kumi na tisa. Nimeirushia kompyuta mto. Kisha nimeuomba mto msamaha, maana ni zawadi ya harusi.

Alhamisi, 14 Agosti

Wazo! Sijui kwa nini Musembi hakuliona. Kama mshenga mzee anaelewana na mfumo wa zamani tu, basi ule mpya utolewe, wa zamani urudi. Rahisi!

Nikaamuru utolewe. Kompyuta ikanionyesha orodha ndefu ya vitu vitakavyoondoka nao, kurasa mbili, sikuisoma. Ikaniuliza kama nina hakika. Mimi swali hilo nimelizoea. Ijumaa iliyopita kadhi aliniuliza vivyo hivyo, nikasema ndiyo, na tazama nilichopata! Nikaandika ndiyo.

Kioo kimekuwa cheusi. Picha yetu ya harusi imetoweka. Kumbe kila kitu kilikuwa kimeuegemea ule mpya, mtandao ukiwemo, na wa zamani hauwezi kuletwa bila mtandao. Nimezima, nimewasha. Weusi, na kijineno kinaniuliza mimi ni nani.

Hata mimi sijui tena.

Abdulfatah amesema nyeusi inanipendeza.

Ijumaa, 15 Agosti

Mama mkwe na Nadira wamekuja baada ya sala ya Ijumaa. Nadira alifungua kompyuta kabla hajanawa mikono.

"Dirisha liko wapi, bibi harusi?"

Nikasema linapumzika. Alicheka hadi akakaa chini. Akatoa simu ampigie Stacy hapo hapo.

Mama mkwe akaomba miwani yake. Sikuwa na la kufanya. Nikaandika jina langu, nikaiita programu yangu kama ilivyokuwa tangu mwanzo. Maneno meupe kwenye weusi: Leso gani? Mama mkwe akaandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi: WIFI PUNGUZA MACHO.

Jibu: Rafu ya nne, kushoto, chini ya vitenge.

Akavua miwani. Kisha akasema maandishi ni makubwa, hayana marembo ya kumchanganya, na ni mara ya kwanza tangu macho yaanze kumsumbua kusoma kitu cha duka bila kusomewa na mtu. Nadira akasema haina hata kitufe kimoja.

"Nadira," mama mkwe akamwambia, "leso yako ushaambiwa iko rafu ya nne."

Kiti changu! Changu! Nimemkumbatia Abdulfatah mbele za watu!

Mama mkwe akanishika mikono yote miwili, akayatazama maua. Akaniapisha: nisiongeze kitu kwenye kompyuta ya duka, nisipunguze. Akaninong'oneza pia kwamba boda boda za mchana ziishe. Hakumwambia mtu! Nadira aliunganisha mtandao wa simu yake akarudisha kila kitu, picha yetu pia, akinung'unika hadi Magharibi. Aliuliza nani kafanya haya. Nikasema umeme.

Jumamosi, 16 Agosti

Yule bwana wa ng'ambo amejibu! Anasema mshenga wake alishastaafu, lakini yuko mwingine, mpya, na jina lake hili hapa. Ni ishara.

Kiapo changu nimekipima neno kwa neno. Kinahusu kompyuta ya duka. Ya Nadira si ya duka. Ni kubwa, mpya, na maskini haina hata waridi moja.

Nimemwandikia sasa hivi: wifi yangu, asante kwa wema wako wa jana, kabla mwezi huu haujaisha nitakuja kukutembelea ofisini Upper Hill, nikuletee halwa. Amejibu karibu. Akienda kunawa mikono, dakika tano zinanitosha. Na ikiniuliza kama nina hakika, jibu ninalo.