Jinsi Nilivyolipata Toleo la Kwanza

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Roho juu. Ijumaa gazeti letu linatimiza miaka hamsini. Mhariri Mkuu anataka historia ya gazeti, ukurasa mzima, pamoja na toleo la kwanza lenyewe, litiwe kwenye fremu wageni walione. Atakayelileta ndiye Naibu Mhariri. Tatizo: mchwa walishakula magazeti yote ya mwaka wa kwanza kule stoo. Filimbi, yule wa ukurasa wa michezo, akasema kwa upole kwamba yeye atamleta mjane wa mwanzilishi. Mjane mzima! Nikasikia sauti ikisema toleo la kwanza liko nyumbani kwangu, nimerithi kwa marehemu baba mdogo. Ilikuwa sauti yangu.

Mdomo huponza kichwa. Baba mdogo hakujua hata kusoma.

Jumanne, tarehe 4

Sikulala. Nimewaza kusema limeibwa. Nimewaza kuugua, na kwa kweli nilikuwa nimeshaanza. Nafika nyumbani, mama mkwe kanitengea kiti cha mito, ambacho tangu nioe sijakikalia. Kumbe mke wangu kamwambia, naye kautangazia mtaa. Fundi cherehani ananiita Naibu! Nimekaa ukingoni mwa kile kiti jioni nzima, jasho linanitoka.

Jumatano, tarehe 5

Kama halipo, si litengenezwe? Mpiga chapa wetu ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Alikataa katakata. Nikamkumbusha jinsi mama yake alivyofurahi wiki hii. Akawasha mashine, akasema nikikamatwa hanijui.

Nimeandika habari zote mwenyewe. Soko limefunguliwa. Daraja limebomoka. Ng'ombe kaingia posta, akafukuzwa. Nimekuwa mwangalifu mno: hakuna simu ya mkononi, hakuna tovuti. Mikono imezoea kazi. Ukurasa wa kwanza umejipanga wenyewe, mpaka kona ya chini.

Alhamisi, tarehe 6

Nimeliloweka kwenye chai ya rangi, nikalianika, nikalipiga pasi. Mke wangu akauliza imekuwaje gazeti linapigwa pasi na shati langu limejikunja vile. Nikamwambia ni mambo ya kazini. Limetoka la kahawia, limechakaa, lina heshima zake. Linanukia tangawizi kidogo.

Mhariri Mkuu amelipokea kwa mikono miwili. Akasema marehemu baba yake ndilo alilomfundishia kusoma, na machozi yakamlengalenga. Nimeona haya. Kidogo. Filimbi kakodoa macho. Leo nitalala!

Ijumaa, tarehe 7

Sitalala tena.

Ukumbi umejaa, fremu iko ukutani, mimi niko kando yake na shati limenyooka. Mjane wa mwanzilishi akavaa miwani, akasoma taratibu, akafika kona ya chini. Hapo ndipo moyo ulipokumbuka kile ambacho mikono ilifanya. Gazeti letu kila siku huwa na kisanduku pale, cha kusahihisha makosa ya jana. Mwaka wa kumi na moja huu nakijaza mimi, kwa sababu makosa mengi ni yangu. Nimekijaza! Filimbi akawasomea wageni kwa sauti: "Katika toleo la jana tuliandika kwamba msimamizi wa soko amefariki. Yu hai. Tunaomba radhi."

Mjane akanigeukia. "Mwanangu, jana yake mume wangu alikuwa bado anatafuta wino. Hilo la jana lilichapwa na nani?"

Kikohozi kimoja nyuma. Nikasema ndiyo habari kubwa yenyewe hiyo: gazeti letu lina umri zaidi ya tulivyodhani.

Wageni walicheka. Mhariri Mkuu hakucheka. Aliniita pembeni, akasema polepole, "Basi Jumatatu niletee hilo la jana. Usipolileta, usije."

Jumamosi, tarehe 8

Mama mkwe amekalia kiti chake cha mito. Mke wangu amenishauri vizuri sana: niende nikakiri, niombe radhi, bosi ni mtu wa huruma. Nimekubali. Kwa moyo wote nimekubali. Nikavaa viatu.

Kisha mama mkwe akasema hataki mkwe asiye na kazi, akampigia mwanawe simu. Shemeji kasema karatasi imebaki.

Nimevua viatu. Nimefanya kazi tangu asubuhi, na safari hii akili iko kichwani. Kisanduku cha masahihisho hakipo, si kwenye kona wala popote. Nimekagua, nikarudia kukagua. Hawanipati! Pale palipobaki wazi nimeweka tangazo dogo la kuvutia wasomaji: "Usikose kesho, toleo letu la kwanza kabisa."