Mashine ya Yasin ya Kuchekecha Mchanga

Jumatatu, 3 Novemba

Leo nimemaliza mashine! Wiki tatu za kazi. Mtaliano mmoja aliyekuwa akihama alimwachia Mama mashine ya kufulia, na Mama haitaki, anasema nguo hufuliwa kwa mikono. Pipa lake la ndani lina matundu tele. Nani mwingine mtaa mzima wa Shella angeliona akafikiria chekeche?

Ijumaa wanawake wa kwetu watampelekea Swabra, binti ninayemposa, pete ya uchumba. Mama yake, Bi Sumeiya, amekataa katakata kupokea wageni kwenye ukumbi usio na plasta. Fundi Dena yuko tayari. Mchanga wa mto Sabaki umeshamwagwa uani kwake, kilichobaki ni kuuchekecha. Hiyo ni kazi ya Kadii, mama mmoja wa Muyeye, anayeegemeza wavu wake kwenye mti na kuurushia mchanga koleo kwa koleo. Siku nzima! Nimemwahidi Bi Sumeiya kwamba kesho kabla ya adhuhuri nitakuwa nimemaliza. Kadii nimemwambia akapumzike. Akaniuliza mawe yatatokea wapi. Swali la mtu asiyeelewa mitambo.

Jumanne, 4 Novemba

Asubuhi Mama alinipa pete niipeleke kwa sonara aipunguze, maana kidole cha Swabra ni chembamba. Akanionya nisipitie popote. Nilipitia kwa Bi Sumeiya tu, dakika tano.

Nikajaza pipa, nikawasha. Lo! Mashine ilitetemeka, ikaanza kutembea yenyewe kuelekea kamba ya nguo, ikitapika mchanga pande zote. Mabuibui matatu ya Bi Sumeiya, yametoka kufuliwa. Kinywa cha Dena, kwa kuwa alikuwa akicheka. Niliilalia kwa kifua na tukaanguka wote wawili juu ya fungu la mchanga, hadi Dena alipochomoa waya. Bi Sumeiya alitoka, akayaanua mabuibui yake moja moja akiyakung’uta mbele yangu. Afadhali angenitukana.

Kufika kwa sonara, mfuko wa shati ni mtupu.

Jumatano, 5 Novemba

Nimemwambia Mama kwamba sonara ana wateja wengi. Pete imo ndani ya lile fungu, na fungu ni la lori zima. Ijumaa isipofika pete, uchumba hakuna, na Bi Sumeiya ana mpwa wake wa Kilifi ambaye amekuwa akimsifu mno siku hizi.

Lakini nina akili. Nimetoa sumaku kwenye spika ya redio yetu, nikaifunga kamba, nikaiburura mchangani asubuhi yote. Nimepata misumari kumi na moja na kizibo cha soda. Nilipomuuliza sonara kwa kuzungukazunguka, alisema dhahabu haivutwi na sumaku, hata mtoto anajua. Dena amenishukuru kwa misumari.

Alhamisi, 6 Novemba

Dena hakutaka kungoja tena. Asubuhi alishika koleo achanganye mchanga na simiti hivyo hivyo, na mawe yake. Nikaiona pete yangu ikikaa ukutani milele! Nikajilaza juu ya fungu. Nikasema haujachekechwa, ukuta utakuwa na vipele, mkwe wangu atafedheheka. Dena akatupa koleo, akaenda kumwita Kadii.

Kadii alichekecha, nami nikasimama pembeni nikiukodolea macho wavu. Akaniuliza kama nimetumwa kumsimamia. Fungu likapungua, roho yangu nayo ikapungua. Karibu na alasiri akaacha koleo, akainama kwenye mawe yaliyobaki chini ya wavu, akaokota kitu. Wakati huohuo Bi Sumeiya akatoka na birika la chai, akauliza ameona nini. Kadii akafumba kiganja, akasema ni ganda dogo la kombe. Bi Sumeiya akarudi ndani.

Kadii akanifumbulia kiganja.

“Mwanangu, nilikuuliza mawe yatatokea wapi, hukunijibu.”

Nilikaa chini palepale. Nililia kidogo. Ulikuwa mchanga machoni, kama Dena atauliza. Kisha nikakimbia mpaka kwa sonara, nikamsimamia hadi alipomaliza.

Ijumaa, 7 Novemba

Alhamdulillahi! Plasta ingali mbichi lakini ni laini kama ubao wa kusukumia chapati. Nilikuwa nje ya ukuta, nikasikia vigelegele. Swabra ameniandikia kwamba pete imemkaa sawasawa. Nimelala tangu sala ya Ijumaa hadi jioni, usingizi wa mtu aliyesamehewa. Mashine nitamrudishia Mama, afugie kuku.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimefikiri upya. Wageni wangapi hupoteza pete na hereni kwenye mchanga wa ufuoni kila mwaka? Na nani anazitafuta? Hakuna! Mashine haina kosa, inahitaji mota yenye nguvu zaidi na miguu ya kuizuia isitembee. Kuku, ambao Mama alishawaingiza, nimewatoa.

Kilichobaki ni kuijaribu kwa dhahabu halisi. Nimemwandikia Swabra aniazime ile pete, siku moja tu.